Nusu Bei ya Mtani

Mzee Dadi nusura anitie vidonda vya tumbo, na bado kila nikiswali namwombea dua. Nyumbani wananicheka kwa hilo. Wacheke tu, wao hawakuwa kwenye ukuta ule na tindo mkononi.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi Lindi mjini chini ya bosi wangu, fundi Stefano. Yeye alipanga bei na kupokea pesa, mimi nilipanda darini na kushuka na utando wa buibui kichwani. Simlaumu, kazi alinifundisha vizuri, ila kupanga bei hakunifundisha, kwa sababu bei ilikuwa siri yake na mteja. Nilipopata leseni yangu nikamuaga, nikarudi kwetu Kiranjeranje na kutangaza kwamba Adija sasa anajitegemea. Stefano alinitakia heri, akasema mambo yakiniwia magumu nafasi yangu ipo. Alisema kwa wema, lakini mimi hasira zangu ziko karibu, nikasikia kama mtu aliyeshaniona nikirudi na begi langu.

Nyumba ya kwanza niliyoitwa ilikuwa ya Mzee Dadi. Mwaka huo alikuwa ameuza ufuta vizuri, ameezeka nyumba yake ya matofali, na nguzo za umeme zilikuwa zimefika mpaka mtaani kwao. Nilikwenda, nikampa shikamoo yake, nikazunguka chumba hadi chumba na futi yangu.

Huku kwetu mafundi wengi wanahesabu pointi tu: taa moja bei hii, soketi moja bei hii, wanazidisha, kwisha. Kwa nyumba ile hesabu hiyo ingekuwa uongo. Pointi zilikuwa chache lakini ukumbi ulikuwa mrefu unaweza kuchezea ngoma, na waya hauuzwi kwa pointi. Basi nikaweka kila kitu: waya, mabomba, boksi la breka, nondo ya shaba ya kuzamisha ardhini, pikipiki ya kubeba mizigo kutoka Nangurukuru, ujira wangu, na kidogo cha kurudi kuangalia endapo kitu kitagoma. Ikaja laki tisa, na vifaa peke yake ni laki sita. Niliipitia tena nikitafuta mahali nilipomwonea mzee wa watu, sikupaona. Nikatafuta mahali nilipojionea mwenyewe, napo sikupaona. Nikafurahi sana.

Tatizo ni kwamba mimi ni Mmatumbi na Mzee Dadi ni Mngindo, na sisi na wao ni watani. Kwa asiyejua, mtani anaweza kukudhihaki msibani, akakuvua kofia sokoni, akadai bibi yako alitolewa mahari ya panya, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa. Dawa yake ni kumrudishia palepale.

Bei niliitaja barazani, mbele ya mkewe Bi Kazija na majirani waliokuja kumshangaa fundi wa kike.

"Laki tisa!" Mzee Dadi akashika kichwa. "Jamani, njooni mumwone Mmatumbi! Kanusa ufuta wangu toka milimani kwao! Nakupa nusu, na hiyo nusu yenyewe nakuonea huruma."

"Nusu sawa, mtani," nikamjibu. "Mngindo akipewa umeme kamili atadhani pori linaungua, atakimbia nyumba. Wewe nusu inakutosha."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake. Mzee Dadi akanyoosha kiganja, nami nikakipiga kwa nguvu.

"Imekwisha hiyo," akasema. "Mashahidi mpo."

Akanipa laki mbili za kianzio na nikaenda nyumbani naimba. Mama alikuwa jikoni anachambua kisamvu. Akaniuliza, "Sasa mmekubaliana shilingi ngapi?"

Sikujua.

Ni laki tisa au laki nne na nusu? Mzee alikuwa anatania, hilo nilikuwa na hakika nalo, au karibu na hakika. Lakini kiganja alikinyoosha, na aliyekipiga ni mimi, na baraza zima lilishuhudia.

"Kesho nitamwuliza," nikasema.

"Utamwuliza mtani kama alikuwa anatania?" Mama aliacha kisamvu chake. "Mwanangu, watakuimba mpaka Somanga."

Kama ni nusu kweli, nimekwisha. Nusu haikufikia hata bei ya vifaa. Mudathiri, mwenye duka la vifaa vya umeme Nangurukuru, alikubali kunikopesha kwa kuniamini tu, na deni lake ndilo lingenirudisha Lindi kwa Stefano kichwa chini. Aliponiona nasitasita mbele ya marobota ya waya, akashusha sauti.

"Upo mwembamba, bei chini sana. Ukishapigwa lipu nani atauona? Na ile nondo ya ardhini wengi siku hizi hawachukui, dada."

Niliushika ule waya mwembamba. Nilikuwa na hasira na Mzee Dadi, na hasira na kiganja changu mwenyewe, nikajiambia anayelipa nusu apate nusu. Kisha nikawafikiria wajukuu zake, ambao wangelala ukumbini kwenye mkeka, migongo ukutani. Wale hawakuwa wamepatana bei na mimi. Nikachukua waya mnene na nondo, nikatoka bila hata kumuaga Mudathiri vizuri, maskini, naye ndiye aliyekuwa ananikopesha.

Kazi ikaanza. Mzee Dadi alitoa kiti chake kila asubuhi akakaa kunitazama nikitindua ukuta. Nikitoboa, anasema Mmatumbi anatafuta hazina. Nikipanda ngazi, anamwita Bi Kazija aje aone ngedere. Mimi nikajaribu kumpeleka taratibu kwenye jambo langu.

"Vifaa vimepanda bei mno siku hizi, babu."

"Hata wake wamepanda," akasema. "Nashukuru nilioa mapema."

Bi Kazija akamtupia ganda la muhogo. Ikawa ndiyo hivyo siku zote. Nikimsogelea na swali ananipokea na mzaha, na mara nyingine nikimwona anakohoa kama mtu anayetaka kusema jambo zito, mimi namwahi na mzaha wangu kwa kuogopa atakalosema. Usiku nilikuwa nahesabu bati.

Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba nagongelea ile nondo ardhini.

"Unamzika nani hapo?"

"Umeme mbaya," nikasema. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na mzaha. "Waya ukichubuka, umeme ukimbilie huku chini, usipite kwa mtoto aliyeshika pasi."

Kwa mara ya kwanza hakunitania. Alisimama akaitazama nondo ikizama mpaka mwisho, kisha akaingia ndani kimya. Nikadhani nimemkera.

Wakaguzi wakaja, wakaridhika, na umeme ukawashwa siku ya Ijumaa. Mzee Dadi akapikisha pilau na kuita majirani waje wasome dua ya kuifungua nyumba. Taa zote ziliwaka japo jua lilikuwa bado kali nje, hakuna aliyethubutu kuzizima. Nilikaa na kina mama, sahani mbele yangu. Baada ya dua Mzee Dadi akasimama katikati ya ukumbi.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu Mmatumbi mnayemwona, mtoto ndiyo kwanza anaanza maisha. Kazi hii yote amenifanyia kwa nusu ya bei yake!"

Ukumbi ukashangilia. Mama mmoja akanigusa goti. "Na mimi nusu hiyohiyo, eti mwanangu?" Na pale mlangoni Likwata, Mngindo mwingine ambaye nyumba yake ilikuwa inangoja fundi, akaitikia kwa sauti, "Basi bei ya kijiji ndiyo hiyo!"

Nikaona kijiji kizima kinaning'ang'ania na nusu zake, nyumba hadi nyumba, na mwisho wake Lindi. Nikasimama na wali mkononi.

"Si nusu!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Bei ni laki tisa! Laki sita ni vifaa, na dukani nadaiwa mpaka leo, na kuta hizi nimezitindua kwa mikono hii! Sitoi nusu mimi, si kwako babu, wala kwa mtu yeyote humu ndani!"

Mmatumbi amenuna mbele ya Wangindo, tena kwenye dua. Machozi yalikuwa yananitoka na niliyachukia.

Mzee Dadi akanisogelea. Halafu akauliza polepole, "Kwani haikuwa zawadi?"

"Zawadi gani?"

"Si ulisema nusu inanitosha? Ukakipiga kiganja changu mbele za watu. Nami zawadi ya mtani nitaikataaje? Nikasema mtoto huyu ana moyo, lakini anajiumiza. Nilikosa usingizi, Adija. Na ulipozika ile nondo ndiyo nikazidiwa kabisa. Mtu analipwa nusu na bado anawafikiria wajukuu zangu! Kila nikitaka kukwambia, unaniambia Wangindo hivi, Wangindo vile."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayetaka nusu," nikasema.

Bi Kazija alikuwa ameshaingia chumbani. Akatoka na bahasha, akaniwekea mkononi. "Laki saba, zimekaa chini ya godoro toka siku ile," akasema. "Alitaka akushukuru kwanza kwa zawadi yako, kisha akutuze hiyo nusu iliyobaki mbele ya watu, na kianzio tusikihesabu kabisa, ndivyo alivyotaka, mimi nikamkatalia. Hukumwacha amalize. Mmenichosha nyinyi wawili. Watu wazima mnaogopa kuulizana bei!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, nami nikacheka huku nalia. Kisha aibu ikanishika. Nilikuwa nimemfokea mzee siku ya dua ya nyumba yake, mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yangu. Nikachomoa noti kadhaa kwenye bahasha nikamnyooshea.

"Chukua hizi, babu. Ni punguzo langu. Nimekukosea adabu."

Akaurudisha mkono wangu. Hakuwa anacheka tena.

"Bei ulipoitaja siku ile ilikuwa ya haki au haikuwa?"

"Ilikuwa ya haki."

"Basi weka zote. Punguzo la aibu silitaki."

Namshukuru mpaka leo, na nasema hivyo bila haya. Nilikuwa nimefika kwake na bei nzuri na moyo unaotetemeka, na angeweza kuuchukua ule mtetemeko akaufanya akiba yake. Wengi wangefanya hivyo, na wangeita ni ujanja. Yeye aliniuliza swali moja tu, akaniacha nilijibu mwenyewe kwa mdomo wangu, na tangu hapo sijapata kulisahau jibu. Kesho yake nilimlipa Mudathiri, nikamsalimia na salamu zote nilizokuwa nimemnyima.

Juma lililofuata Likwata aliniita kwake. Nilipima, nikahesabu, nikamtajia bei. Nilimwona utani unamjia mdomoni, macho yameshaanza kucheka.

"Ngoja kwanza, mtani," nikamwambia. "Kubali au kataa. Mengine baadaye."

Akaumeza. Akauliza hili na lile kuhusu kazi, nikamjibu lote. Akafikiri, akazunguka nyumba yake, akarudi.

"Nimekubali," akasema, na tukapeana mikono. Ndipo akaniuliza kama Wamatumbi wote wana makelele vile, au ni mimi peke yangu.