Sahihi Moja Inatosha

Mama wa bweni alimkabidhi mgeni godoro moja, blanketi mbili, taa ya mezani isiyo na balbu na ufunguo wa chumba namba kumi na nne, akamsainisha kila kimoja kwenye mstari wake. Kisha akamwonyesha kitanda cha upande wa dirishani. Chini yake palikuwa na ndala zilizolika kisigino cha kulia.

"Hizo ni za mwenzako, yule aliyekwenda kwenu," alisema. "Kitanda ni chake. Na yeye saa hizi amelala kwenye chako, kwa hiyo usione haya, jinyooshe."

Mgeni huyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa tiba ya mifugo. Alikuja kwa mpango wa vyuo viwili kubadilishana wanafunzi: mmoja wa huku aende kule, mmoja wa kule aje huku, kila mmoja akae mahali pa mwenzake kwa muhula mmoja. Nyumbani walimwita Kasuku tangu ana miaka minne, kwa sababu alichokiona alikisema, na alikisema mbele ya yeyote aliyekuwapo.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kama za mgeni yeyote. Alipotea mara tatu akitafuta jengo la masomo ya mifupa. Alikula mkate na mayai ya kuchemsha peke yake, kwenye meza iliyo karibu na sinki, kwa kuwa hapo hakuna aliyemuuliza kitu. Lugha ya pale alikuwa ameisoma vitabuni tu, na mhadhiri alipofanya mzaha, darasa zima lilicheka, kisha likaacha, kisha ndipo naye akacheka.

Wiki ya pili, akioga asubuhi, aliona kovu la goti lake halipo. Alilipata akiwa na miaka tisa, alipoanguka kutoka ukuta wa jirani. Goti lilikuwa laini kabisa. Badala yake palikuwa na kovu jingine upande wa kulia wa tumbo, refu kama kidole, la kushonwa. Alijifuta, akavaa, akaenda darasani, maana saa mbili kulikuwa na jaribio la kwato za ng'ombe. Baada ya jaribio akapita ofisi ya mabadilishano, chumba kimoja ubavuni mwa maktaba.

Karani wa ofisi hiyo alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua faili lake.

"Kovu kwa kovu," alisema huku akiandika. "Mapema kidogo, lakini ndiyo hivyo. Ulidhani mnabadilishana vitanda tu?"

"Na vinarudi?"

"Mwanafunzi akirudi, vinarudi vyote. Asiporudi, vinaendelea mpaka viishe. Mwisho wa muhula nyumba zinatuletea fomu zao, ndipo tunajua."

Kasuku alishukuru, akaenda kula.

Wiki ya tatu ikaja lugha. Mhadhiri alifanya mzaha wake wa kawaida kuhusu punda na mkaguzi, na Kasuku alishtukia ameshacheka pamoja na wengine, tena wa kwanza. Wiki ya nne alianza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa mwandiko wa kuinama. Desturi yake ya kupiga chafya tatu mfululizo ilikwisha. Woga wake wa mbwa nao ukaondoka, jambo lililomfaa sana kwenye masomo ya vitendo, ukaja woga wa lifti. Akapata marafiki wawili, wakaanza kumwekea nafasi mbali na sinki. Kwa ufupi, alizoea.

Kila Jumapili saa kumi alasiri alipiga simu nyumbani, na mama yake alipokea mara moja, sauti imechangamka.

"Huyu mwenzako anacheka, jamani! Nyumba nzima inacheka. Na wewe je, unakula?"

Kasuku alifurahi kumsikia hivyo. Tangu mazishi ya bibi yake, nyumba ile ilikuwa ikinyamaza kila alipoingia. Bibi, yaani mama yake mama, alizidiwa siku tatu kabla ya harusi ya dada yake Kasuku. Alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, na alipotaka mtu, aligonga ukuta kwa kikombe cha bati. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, vitambaa na viti vya kuazima. Mama alisema harusi ikipita tu watampeleka hospitali. Kasuku alikwenda mara mbili kumwambia kwamba bibi bado anagonga. Mara ya pili alipewa mashati ya kupiga pasi, akayapiga pasi. Asubuhi ya harusi ukuta ulinyamaza. Watu waliambiwa mzee amefariki ghafla, usingizini. Kasuku alisimama katikati ya waombolezaji akasema haikuwa ghafla, ilikuwa siku tatu, na kwamba wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anapiga pasi mashati.

Hakuna aliyemgombeza. Wiki mbili baadaye mama yake alimletea fomu ya kwenda kusoma nje, ameshaijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, limebaki jina la Kasuku tu chini. Kasuku aliichukua akalia kwa furaha, kwa kuwa alidhani amesamehewa.

Muhula ulipokaribia kwisha, alianza kununua zawadi: kalamu kwa shemeji, mtandio kwa dada, na kwa mama yake saa ya ukutani isiyo na kelele. Alikuwa anaifunga kwa magazeti alipoitwa ofisini.

Karani alimgeuzia karatasi aisome mwenyewe. *Nyumba ya mwanafunzi inaomba kubaki na aliyekuja.* Chini yake kulikuwa na sahihi ya mama yake, na kando, kama shahidi, sahihi ya dada yake. Sehemu iliyouliza sababu ilikuwa imejazwa neno moja: *Utulivu.*

"Ni sahihi yake?" karani aliuliza, kwa kuwa kanuni ilimtaka aulize.

"Ni yake."

"Basi utaendelea hapa. Chumba ni kile kile. Balbu omba kwa mama wa bweni, naona bado hujapewa."

Kasuku alikwenda uani, akasimama karibu na kamba ya nguo, akapiga simu. Haikuwa Jumapili, na mama yake alichelewa kupokea.

"Mama, fomu nimeiona."

"Ee, imeshafika? Nilikuwa nataka nikwambie mwenyewe, ila shughuli zimenizonga."

"Ulisaini lini?"

"Mbona unaniuliza kama polisi? Siku nyingi. Alipomaliza wiki mbili hapa."

Kasuku alihesabu. Wiki mbili ni wakati goti lake lilipopoteza kovu. Jumapili zote zile, mama akimuuliza kama anakula, sahihi ilikuwa imeshakauka.

"Mama, mimi ni mwanao."

"Kwani nani amekukana? Una chumba, una masomo, una afya. Mzazi gani atakufanyia zaidi ya hapo?"

"Nimekosa nini?"

Nyuma ya simu mtu alipiga chafya, moja, mbili, tatu, na dada yake akacheka akisema, "Afya, mdogo wangu." Kasuku aliijua chafya ile. Ilikuwa yake.

"Hukukosa kitu," mama alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ila wewe ukiniangalia, nakuwa kama niko kizimbani. Huyu akiniangalia, ananiangalia tu. Na mimi nimechoka, mwanangu. Unielewe."

"Haya, Mama."

Alirudi chumbani. Akalichukua koti lake jeupe la maabara, ambalo lilikuwa safi, akalifua. Akalifua tena. Siku mbili hakula. Siku ya tatu kulikuwa na mtihani wa vimelea vya kuku, akaufanya, akapata alama nzuri kuliko wote. Saa ya ukutani alimpa mama wa bweni.

Jumamosi iliyofuata mlango uligongwa, akaingia mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, kama mtu aliyetoka kwenye cherehani yake bila kujitazama. Aliangalia kwanza ndala chini ya kitanda, kisha akamwangalia Kasuku.

"Shikamoo," Kasuku alisema.

"Marahaba. Mimi ndiye mama yake." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Sikusaini. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote. Nilikwenda pale ofisini mara nne, nikawaambia wangu namtaka arudi. Yule karani akaniambia fomu yangu ameipokea, lakini sahihi moja inatosha."

"Ni ya mama yangu."

"Najua. Nimeiona. Ana mwandiko mzuri."

Walikaa. Fundi huyo wa cherehani aliuliza kama anaweza kuliona kovu. Kasuku alipandisha blauzi kidogo, na fundi akavua tepu shingoni, akalipima.

"Limekua," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kidole tumbo. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, na alikuwa mzito, nakuambia."

Hakumkumbatia Kasuku, wala hakulia. Aliliona koti la maabara limening'inia, akasema limempwaya mabegani, akaondoka nalo. Jumamosi nyingine alilirudisha limekaa sawasawa. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi, wakinywa chai, wakizungumza habari za wateja wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa. Wakati mwingine alimwita Kasuku kwa jina la binti yake, na Kasuku aliitika, kwa kuwa darasani nako walikuwa wameshaanza kumwita hivyo.

Muhula wa pili, asubuhi moja, Kasuku alikuwa maabara, amepasua utumbo wa kondoo, mkasi mkononi, aliposikia kitu kinatoka ndani yake na kingine kinaingia. Haikuuma. Alimaliza kazi, akanawa mikono, akaenda kwa karani.

"Kilichotoka ni siku tatu," karani alisema. "Kilichoingia ni siku tatu."

"Siku tatu zipi zilizotoka?"

"Hatuandiki. Mwenyewe anakuwa hawezi tena kutueleza."

Zilizoingia alizijua. Wodi yenye kuta za kijani, kitanda chenye chuma baridi, na pembeni kiti cha mbao. Juu ya kiti yuko mama mfupi amevua viatu, anapinda kwa mkono sketi ya mteja. Mtoto aliyelazwa kila anapofumbua macho, mama yupo. Manesi wanamwambia aende akapumzike, anawaambia amepumzika. Siku tatu nzima haondoki pale ila kwenda kuchota maji, na akirudi anakuwa anakimbia.

Siku nne baadaye mama yake Kasuku alipiga simu mwenyewe, saa sita mchana, siku ya kazi.

"Ulimwambia?"

"Nani, Mama?"

"Huyu hapa! Hali chakula, hacheki, anakaa mlangoni pa chumba cha nyuma. Anasema kuna mtu anagonga. Jana, mbele ya wakwe wa dada yako, amesimama akauliza kwa nini hatukwenda. Tena ananiangalia vile vile, kama ulivyokuwa ukiniangalia wewe. Umempigia simu ukamwaga mtama?"

Kasuku alitafuta kichwani. Alimkumbuka bibi yake, mikono yake, harufu ya dawa ya kuchua. Alikumbuka kwamba amefariki.

"Mama, nimwambie nini? Bibi si alifariki ghafla, usingizini?"

Upande wa pili Kasuku alisikia mlango ukifungwa.

"Ndiyo," mama alisema hatimaye. "Ghafla." Kisha kwa upole, upole ambao Kasuku alikuwa ameungoja tangu mazishi, "Unakula lakini, mwanangu?"

Kasuku alitaka kuufurahia upole ule. Lakini sahihi ile hakuwa ameisahau, na sasa sababu yake ndiyo aliyokuwa hana. Akajibu kwamba anakula.

Fomu ya pili ilifika mwisho wa mwezi. Fundi aliitwa ofisini, na alimwomba Kasuku amsindikize. Karani alisafisha miwani yake kabla ya kusema.

"Ile nyumba imeomba abadilishwe. Wao wanaletewa mwanafunzi mwingine, na binti yako anapelekwa chuo kingine, mbele zaidi."

"Kwa nini asirudi kwangu?" fundi aliuliza. "Si hawamtaki?"

"Kitanda cha huku kina mtu, mama."

Fundi hakumtazama Kasuku. Aliomba kuiona karatasi, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akaikunja sawasawa kama ilivyokuwa, akairudisha. Wakati huo, kule nyumbani, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka mpya, na mama yake Kasuku alikuwa anamtembeza mgeni wake wa pili chumba kwa chumba, akimwonyesha vyote isipokuwa kimoja.

Walitoka wakakaa kwenye ngazi za maktaba. Wanafunzi walipanda na kushuka, wakiwakwepa bila kusimamisha mazungumzo yao. Fundi alikuwa anaizungusha tepu kwenye vidole, anaikunjua, anaizungusha tena.

"Wangu ni mpole," alisema. "Hajawahi kumjibu mtu mzima. Wale ni watu wako, unawajua. Hebu niambie, mwanangu amewakosea nini?"

Kasuku hakuharakisha. Alirudi nyuma kote alikoweza kurudi, chumba kwa chumba, mtu kwa mtu, kwa kuwa aliyeuliza alistahili jibu la kweli kuliko mtu yeyote aliyemjua.

"Sijui, Mama," alisema, na alikuwa anasema kweli.