Pindo Mdomoni

Daktari akimpima mama presha hufurahi utadhani kajipima mwenyewe. "Bibi, kwa moyo huu utafika mia." Wagonjwa kwenye benchi wanamtazama kwa wivu. Ningemuuliza hiyo mia ataifikaje, maana anayembeba mama mgongoni kutoka kwenye teksi ni mimi, na mimi mwenyewe nina wajukuu.

Mama alikuwa fundi cherehani, ila pindo alishona kwa mkono, nami nikairithi kazi hiyo. Alipogonga sitini, baridi yabisi ikamkunja vidole, macho yakafuata, kisha miguu. Toka hapo imepita miaka thelathini na ushee, na watu wanatupongeza kwa umri mrefu. Umri gani? Theluthi nzima anaimalizia chali, akikodolea dari asiloliona. Inaniudhi mpaka basi.

Kazi moja tu hakuiacha: kukagua. Nguo haitoki chumbani mwetu kabla hajapitia pindo. Vidole vilipokufa ganzi, akahamia midomo. Namshikia gauni, analipitisha mdomoni taratibu, kisha anasema, "Mpe mwenyewe," au, "Fumua." Siku akisema fumua, nafumua huku nanung'unika.

"Wewe mama raha yako kunitesa."

"Na wewe yako kulipua kazi."

Mwaka huu vidole vyangu navyo vikaanza. Asubuhi havifungi kifungo. Sindano inaniponyoka, naitafuta sakafuni kwa magoti. Niliogopa, sifichi. Mimi nikilala, nani atamgeuza mama? Na mimi nani atanigeuza? Binti yangu yuko mbali, na wanawe wamemfika shingoni.

Nguo za wateja nikawa nampelekea fundi jirani, azipinde kwa mashine. Lakini pindo la mashine mama angelijua papo hapo. Basi nikatoa sandukuni gauni la zamani lililopindwa kwa mkono, kila jioni nikawa namwekea mdomoni, nasema ni la mteja. "Mpe mwenyewe," anasema. Nikajiona mjanja.

Jana akalipitisha gauni mdomoni mara mbili, pindo zima.

"Hili ulivaa ukiwa na mimba," akasema. "Pindo nilishona mimi."

Nilikosa pa kuuficha uso, na wala haoni.

"Nimejua tangu siku ya kwanza. Nilingoja useme. Ni vidole?"

"Vidole, mama."

"Mkono gani?"

"Yote miwili."

Akalia. Maradhi yake mwenyewe sijawahi kumwona akiyalilia hata siku moja.

"Mwanangu," akasema, "na moyo nao umechukua wangu."

Ni kweli. Daktari alishaniambia, tena kwa furaha ile ile: mama na binti, presha ile ile, vidonge vile vile, mioyo ya chuma.

Saa ya vidonge vya presha ikafika. Mama akageuzia uso ukutani. "Sitaki tena. Acha niende, upumzike."

Nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza. Nilikaa na kidonge kiganjani mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho. Nilitaka apumzike. Nilitaka na mimi nipumzike. Lakini mkono wa kumnyima mama yangu dawa sina.

"Fungua mdomo," nikamwambia, kwa ukali nisioukusudia.

Akafungua, mtiifu. Nikamnywesha maji, nikamfuta kidevu. Kisha nikajaribu kutoa kingine kwenye pakiti ile ile, vidole vikagoma. Nikaipasua kwa meno, nikameza changu.