Punje ya Njano Katikati ya Shamba

Jikoni kwake, Arlys Kubicek alimenya hindi alilochuma katikati kabisa ya shamba, nusu maili kutoka barabarani, na moyo ukampasuka. Kati ya safu nyeupe ilikaa punje moja ya njano.

"Moja tu," alisema Verlyn, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. "Usijipandishe presha, dada."

"Moja kwenye hindi la mbegu, Verlyn. Mbegu ya baba."

Miaka sitini na mmoja, hapa hapa Nebraska, akina Kubicek wamechagua mbegu ile nyeupe kwa mkono kila mavuno. Mwaka huu Verlyn alipanda mahindi ya njano ya kampuni, yaliyotengenezwa maabara ili wanga wake ujiyeyushe ukipata moto, kiwanda cha mafuta ya magari kiokoe nishati. Aliahidi kutangulia kupanda kwa wiki tatu, yasichanue pamoja na ya Arlys. Mvua ikamchelewesha. Akapanda siku ile ile aliyopanda Arlys, bila kumwambia.

Wenye tai waliowahimiza wakulima miaka ya sabini wakope na walime hadi ukingo wa mtaro, kisha miaka ya themanini wakarudi na dalali wa mnada kuwauzia mashamba kwa deni, sasa wamekuja kuiponya dunia kwa mafuta ya mahindi. Ila upepo, unaobeba chavua kutoka shamba hadi shamba, hawakuusainisha mkataba.

"Huenda ni njano ya kawaida," Verlyn alisema.

"Sufuria itasema. Kama ni ya kampuni, punje moja itayeyusha uji wote."

Akalipukuchua hindi zima, akalisaga, akabandika uji. Ulianza kushika.

"Unaona? Umenitoa kwangu bure..."

Arlys hakuacha kukoroga. Mwiko ukawa mwepesi, ukazidi kuwa mwepesi, hadi sufuria nzima ikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Verlyn akatazama sakafu.

Arlys akachukua hindi la pili, akang'oa punje zake mbili za njano kwa ncha ya kisu, akasaga nyeupe tupu. Kama nazo zingeyeyuka, baba angekuwa amekufa mara ya pili. Dakika tano. Kumi. Uji ukatokota, ukavuta, ukawa mzito. Akaachia mwiko.

Ukasimama.

Arlys akaketi. Ghalani yalisubiri mahindi ya mbegu ya kupanda ekari arobaini mwakani, ya kuchambua punje kwa punje hadi njano yote itoke. Akamsukumia Verlyn beseni.

"Anza."

"Yote yale? Si tuwaite kampuni waje..."

"Kampuni haina vidole."

Verlyn akaweka kofia chini, akavuta kiti.