Jinsi Nilivyomfundisha Dada Kuteremka

Petroli ilipopanda mara ya kwanza nililalamika kama watu wote. Ilipopanda tena nikanyamaza, nikaanza kuendesha gari kama mtu aliyejitwika sufuria ya uji wa moto.

Kazi yangu ni kusambaza mayai madukani, na gari ninalotumia ni la baba. Alinikabidhi macho yake yalipoanza kumdanganya barabarani. Ni la zamani sana. Hata breki zake haziombi msaada wowote kwenye injini: unakanyaga kwa nguvu zako mwenyewe, zile ulizonyonyeshwa na mama yako. Nikalifundisha tabia mpya uzeeni. Nilifungua chuma cha mizigo kilichokuwa juu ya paa, nikawa napima upepo wa matairi kila Jumatatu, na nikaacha kumpitia mtu yeyote asiyekaa njiani kwangu. Zamani nilikuwa nazunguka mtaa mzima asubuhi ili tu nimpungie mkono binti wa duka la vitambaa. Nikahamishia salamu kwenye simu. Akaolewa. Hiyo nayo ni gharama ya mafuta, ila kwenye taarifa ya habari hawaitaji.

Lakini siri yangu kubwa ilikuwa mteremko. Kutoka kwetu kwenda sokoni kuna mteremko mrefu, ulionyooka. Nikifika juu natoa gia, nazima injini, gari linashuka lenyewe, kimya, mpaka unayasikia mayai yakihema nyuma. Nikikaribia chini narudisha ufunguo, natia gia ya pili, naachia klachi, injini inashtuka na kuamka. Kila asubuhi. Wenye maduka wakanipa jina: Matone. Nikalivaa kama medali.

Sasa dada yangu. Amenitangulia miaka sita, na kwa miaka tisa amekuwa msafishaji katika zahanati iliyo karibu na soko. Tangu atoke kwa mumewe analala chumba kimoja na mama. Binti yake, mpwa wangu, analelewa na bibi yake mzaa baba, safari ya basi ya siku nzima. Dereva wa zahanati alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi uliofuata, na kazi ya dereva ina vyumba viwili nyuma ya zahanati. Muuguzi mkuu akamwita dada ofisini akamwambia: lete leseni kabla mwezi ujao haujaisha, nafasi ni yako. Usipoileta, nampa mwingine.

Dada alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama sakafu imepakwa sabuni.

"Mdogo wangu, nifundishe gari."

"Wewe? Wewe uliangusha baiskeli kwenye harusi ya watu."

"Nilikuwa na miaka kumi!"

"Na baiskeli ilikuwa imesimama, dada. Imeegemezwa ukutani."

Akanichapa na kitambaa cha vyombo, na hapo hapo nikawa mwalimu.

Mwanafunzi wa udereva anakunywa mafuta kuliko lori. Anakanyaga pasipo na sababu, anazima, anawasha, anazima tena. Mimi Matone niliona mbali. Masomo ya wiki mbili za kwanza yalifanyika uani, gari limezimwa, ufunguo mfukoni mwangu. Injini nilikuwa mimi. Dada anashika usukani, mimi nakaa pembeni nanguruma kwa mdomo. Nikipandisha sauti anakanyaga klachi na kubadilisha gia. Nikikohoa, maana yake kachelewa.

"Hiyo sauti ya gari au ya tumbo lako?" anauliza.

"Ya gari. Ya tumbo ina gia tano."

Mama alikuwa anachungulia dirishani, anacheka mpaka anafuta machozi. Sikumbuki nyumba yetu kuwa na furaha kama wiki zile mbili. Nalisema hili ili ijulikane kwamba sikumfundisha kwa ubaya.

Tulipotoka barabarani, nilimchukua kwenye safari yangu ya asubuhi, kabla hajaingia kazini. Kwenye tambarare naendesha mimi. Kwenye kupanda naendesha mimi, maana kupanda ndiko kunakokula. Tukifika kileleni tunabadilishana viti, anashusha yeye. Bure kabisa. Natoa gia, nazima, nashikilia usukani kwa ulaini, narudisha ufunguo, gia ya pili, naachia: alikuwa anaisema kwa sauti kama mtoto anayekariri mashairi. Baada ya siku kumi hakuhitaji kuisema. Baada ya wiki tatu alikuwa analishusha lile gari vizuri kuliko mimi, na hata trei moja ya mayai haikupasuka. Kati ya mambo yote ambayo dereva anapaswa kuyajua, dada alilijua moja, na alilijua kikamilifu.

Asubuhi moja, tuko katikati ya mteremko, akaniuliza, "Na gari nyingine nazo ni hivi hivi?"

Swali zuri. Mwanafunzi mzuri ndiye anayeuliza vile. Na jibu nililijua. Niliwahi kuazima gari jipya la mfugaji ninayenunua mayai kwake, nikalizima kwenye kilima, nikakanyaga breki mara mbili, ya tatu ikawa kama nakanyaga jiwe: breki za gari jipya hutegemea injini. Niliokolewa na ukuta wa banda la kuku. Nilipaswa kumweleza. Nikasema, "Gari ni gari, dada. Zote zina matairi manne na zote zina kiu."

Akacheka. Tukafika chini, kuna mwenye duka ananipungia, anataka trei nane. Nikajiambia nitamweleza kesho.

Wiki ya mtihani aliniomba kitu kimoja tu. "Nipe jioni moja. Nizunguke mjini, kwenye taa, kwenye watu. Tangu tuanze sijawahi kuendesha kwenye tambarare zaidi ya dakika tano."

Nikamwonyesha mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala chini kama mgonjwa.

"Si utajaza Jumamosi?"

"Dada, mtihani wenyewe unajua wanafanyia wapi? Pale uwanjani, chini ya kilima. Unapanda, unageuza, unashuka. Kwenye kushuka wewe ni profesa."

Hakubishana. Dada habishani na mtu anayemsaidia. Ndilo tatizo lake, na ndilo lililokuwa raha yangu.

Alhamisi tukaenda. Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye kofia na ubao wa kuandikia, na gari la mtihani lilikuwa jeupe, jipya, limekunjua vioo vya pembeni kama tembo aliyefungua masikio. Dada alivaa viatu vyake vya kazini, vile bapa vya mpira, alivyozoea. Akanigeukia kabla ya kuingia.

"Niombee."

"Nikuombee nini? Mwombee huyo anayekaa na wewe."

Nikakaa kwenye benchi la ndugu. Pembeni yangu kulikuwa na bwana anayemsubiri mkewe, kashika mkoba wa mkewe kwa mikono miwili. Gari jeupe likapanda, likatetemeka kidogo, likapotea kwenye kona ya juu. Nikahesabu pumzi. Baada ya muda likatokea tena kileleni, sura imeelekea kwetu.

Halafu sauti yake ikakatika.

Hapa ndipo ninapojiona mjinga mpaka leo: nilifurahi. Nilisimama. Gari lilikuwa linashuka kimya, limenyooka kama uzi, hata kokoto hairuki, na mimi nikapiga makofi.

"Umemwona yule? Nimemfundisha mimi."

"Mbona halingurumi?" akauliza yule bwana.

"Ndio ufundi wenyewe, ndugu yangu."

Pua ya gari ikainama kidogo. Ikainama tena, kidogo zaidi, kama mtu anayeitikia kwa kichwa akiwa na usingizi. Halafu haikuinama tena. Likaongeza mwendo. Makofi yangu yakaisha yenyewe. Niliuona mkono wa mkaguzi ukishuka katikati ya viti kutafuta breki ya mkono, gari likalia, likaenda upande upande, likajichomeka kwenye safu ya matairi mabovu yaliyopangwa langoni. Vumbi likapanda. Yule bwana akakumbatia mkoba wa mkewe.

Hakuna aliyeumia, nashukuru kwa hilo. Mkaguzi alitoka kwanza, kofia imebaki ndani. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani angepiga.

"Mama," akamwambia dada, "ni nani aliyekufundisha kuzima gari kwenye mteremko?"

Nilikuwa nimeshawakimbilia, nimesimama hatua kumi kutoka kwao. Dada aliniona. Najua aliniona kwa sababu aliyaondoa macho upesi, akayaweka kwenye viatu vyake.

"Nilijifunza mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya mafuta kupanda."

Ilikuwa nafasi yangu hiyo. Hatua kumi tu, na sentensi moja: mzee, kosa ni langu. Mdomo uliokuwa injini kwa wiki mbili nzima haukutoa hata mlio wa kuwashia. Nikatazama matairi mabovu kana kwamba nataka kuyanunua.

Mkaguzi akaandika kwenye ubao wake. "Mtu anayezima gari kwa makusudi simrudishi kwa mtihani mwingine wiki hii. Utarudi baada ya miezi mitatu."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Njiani kurudi niliendesha injini ikiwa imewashwa njia nzima, mpaka kwenye vijiteremko vya njiani, kana kwamba hilo lingesaidia kitu. Simu yangu ikaita. Alikuwa mpwa wangu, kaazima simu ya bibi yake.

"Mjomba! Mama amepita mtihani? Nimeshapanga nguo zangu kwenye begi!"

Nikamtazama dada. Akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Bado kidogo, mwanangu," akasema kwa sauti nyepesi kabisa. "Zitoe hizo nguo kwenye begi. Zitajikunja."

Zile siku tisa nilipita mbele ya zahanati kila asubuhi. Nilikuwa nimepanga niingie nimwone muuguzi mkuu, nimweleze mambo yalivyokuwa. Lakini zahanati iko katikati ya mwinuko, na ukisimama pale unalazimika kuondoka na gia ya kwanza, na hakuna kinachokula mafuta kama kusimama na kuondoka. Niliamini kweli kwamba hiyo ndiyo sababu. Nikipita dirishani namwona dada anapangusa mlango wa vioo, ananipungia kitambaa, nami nampungia.

Siku ya kumi nililiacha gari nyumbani, nikaenda kwa miguu.

Muuguzi mkuu alikuwa anapanga chupa kabatini. "Shikamoo, mama," nikasema, na kabla hajamaliza marahaba yake nikamwaga yote: uani, mdomo, mteremko, breki za gari la mfugaji, swali la dada, jioni aliyoniomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika chupa moja tu.

"Mbona yeye aliniambia alijifunza mwenyewe?"

"Alinificha, mama."

"Na wewe ukafichika." Akaiweka chupa mahali pake. "Ungekuja hata Jumanne iliyopita. Ningewaandikia wakaguzi barua, ningewaambia aliyekosea ni mwalimu, wampe siku nyingine. Si mara ya kwanza kuwaandikia. Lakini dereva mpya ameripoti leo asubuhi. Ameshaweka kitanda chake mle ndani."

Kupitia dirisha la nyuma niliwaona: mwanamume mwenye mvi anasukuma godoro mlangoni, mkewe analivuta kutoka ndani, wanacheka kwa sababu limekwama.

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilitaka niondoke kabla dada hajaniona, nikachelewa. Akatokea mwisho wa korido na ndoo na fagio la maji, anarudi kinyumenyume, anapangusa kushoto na kulia, sakafu inang'aa mbele yake.

"Unaumwa?" akaniuliza alipofika.

"Hapana. Nilikuja kumwona bosi wako."

Akaelewa, maana dada ni mwepesi wa kuelewa. Ningekuwa mwalimu wa maana ningelijua hilo mapema.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Leo."

"Leo, dada."

Nikatafuta neno la kuchekesha. Ninayo mengi, huwa yananijia bila kuitwa. Nikasema sijui nini kuhusu mimi kufungua shule ya udereva ya viziwi. Akacheka, kile kicheko anachowapa wagonjwa wanaomwambia pole kwa kazi. Hajawahi kunipa mimi kicheko hicho, hata siku moja.

Halafu akachovya fagio kwenye ndoo, akalikamua.

"Inua miguu," akasema. "Nimalizie hapo chini."

Nikainua.