Korido ya Karibu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, Madamu Nukta alifungua ofisi yake, yaani alisogeza ndoo mbili na dekio moja pembeni, akakaa. Ofisi ilikuwa chini ya ngazi za Idara ya Hisabati, pale ambapo dari hushuka kwa adabu mpaka ikakutana na magoti. Alikuwa hapo kwa muda tu. Muda wenyewe ulikuwa miaka kumi na minne, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na kila mkataba ulipoisha Mkuu wa Idara alimpigapiga begani na kumwambia neno lile lile: "Vumilia, mwalimu wangu. Ajira ya kudumu iko karibu."

Jina la Nukta alipewa na wanafunzi. Somo lake lilikuwa jiometri ya kuangalia vitu kutoka mbali mno. Kila mwanzo wa muhula alichora nyumba ubaoni, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, akasema: "Ukirudi nyuma vya kutosha, chochote chenye mwisho, kiwe chumba, kiwe mji mzima, ni nukta. Kinachobaki kuonekana ni kile kisicho na mwisho." Wanafunzi waliandika. Walioelewa walikuwepo, ila hawakuwa wengi kiasi cha kuonekana kutoka mbali.

Zilibaki siku nne atimize miaka hamsini, na kanuni za utumishi, ambazo mambo mengine huyaeleza kwa mafumbo, hapo zilikuwa wazi kabisa: aliyetimiza hamsini haajiriwi tena kwa kudumu. Dada yake, fundi cherehani, alikuwa amemshonea suti ya kijani ya kuvaa siku ya kusaini. Aliishona miaka kumi na miwili iliyopita. Kila mwaka aliachia mshono kidogo.

"Huu unene unautoa wapi wewe?" dada aliuliza Jumapili, pini mdomoni.

"Ni kukaa, dada. Nakaa nikisubiri."

"Basi subiri umesimama. Kitambaa kinaisha."

Jumatatu hiyo alikuwa anamalizia kazi ya miaka sita. Ilihusu aljebra ya vitendaji, na vitendaji hivyo alivieleza kwa mfano wa matarishi, kwa sababu tarishi wa idara ndiye mtu pekee aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Kila kitendaji ni kama tarishi: anachukua kitu hapa anakipeleka pale, lakini hazidishi hatua alizopangiwa. Unaweza kuwaunganisha, huyu akampokea yule. Alichothibitisha Madamu ni hiki: mtu akikupa daftari la matarishi tu, nani kapokea nini kutoka kwa nani, bila ramani wala picha, unaweza kusema mahali hapo pana umbo gani ukipaangalia kutoka mbali.

Kilichokosekana ni mfano. Akamwomba tarishi daftari la idara.

"Chukua tu, Madamu," tarishi alisema. "Ila nirudishie kabla ya saa nane, kuna barua ya mapazia ya Mkuu."

Madamu alipiga hesabu. Barua zote, hata zile za kugombania kiyoyozi, zilikuwa zimefika kwa hatua zenye kikomo. Ukurasa mmoja wa mwanzoni ulikuwa umegandamana na mwenzake kwa chai iliyomwagika, akauruka. Akaandika, "Kwa hiyo idara ni nukta," akaweka kalamu chini. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Idara ikawa nukta.

Ilikuwa na ukubwa wa mbegu ya nyanya, imekaa juu ya kokoto pale ulipokuwa mlango mkubwa. Waliokuwa ndani waliendelea na kazi. Waliokuwa nje waliinama kidogo, wakaingia. Mtunza bustani alisogeza mpira wa maji usije ukaisomba. Mhadhiri wa takwimu alilalamika kuhusu maegesho, lakini hata zamani alikuwa akilalamika. Kwa kuwa kila chumba sasa kilikuwa mahali pamoja na kila chumba kingine, hakuna aliyeweza tena kuchelewa kikao kwa kusingizia ngazi, na hili ndilo lililowauma watu. Mkuu alihuzunika kugundua kwamba ofisi yake ya kona ina nafasi sawa na ndoo za Madamu. Akaagiza kibao: PIGA HODI.

Kitu kimoja hakikusinyaa. Ilikuwa korido ya ghorofa ya pili, kutoka kwenye rafu ya masjala kwenda mezani kwa Mkuu. Ilichomoza kwenye nukta, ikakatiza uwanja wa mpira, ikalipita tangi la maji, ikaendelea mpaka macho yakachoka. Rangi ni ile ile, kahawia chini, maziwa juu, na balbu kila baada ya hatua sita, nusu yake zimeungua. Mkuu mwenyewe alikuwa palepale kwenye nukta, anakunywa maji. Korido haikumfikia.

Tarishi alitenganisha ule ukurasa wa chai kwa ukucha. Kulikuwa na mstari mmoja usio na saini ya mpokeaji: Faili la ajira, Madamu, kwenda kwa Mkuu.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote nilidhani ni mimi natembea polepole."

Madamu akamwendea Mkuu, jambo ambalo sasa lilikuwa ni kugeuza shingo tu.

"Mkuu, korido umeiona?"

"Nimeiona, hongera sana! Kazi kubwa hii, lazima tuichapishe. Jina langu litatangulia, kwa ajili ya utaratibu. Kutoka mbali la kwanza na la pili si sawa tu?"

"Hiyo ni njia ya faili langu. Kila chenye mwisho kimekuwa nukta. Yenyewe imebaki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haina mwisho. Na wewe uliniambia iko karibu."

Mkuu alifikiri, kisha akatabasamu kwa upole wa kweli. "Mwalimu wangu, 'karibu' ni neno la kumkaribisha mtu. Nilikuwa nakukaribisha."

"Basi saini karatasi mpya. Tuko mahali pamoja."

"Bila faili? Hapana, tufuate njia."

Jumanne tarishi alichukua faili la Madamu kwenye rafu ya masjala, chupa ya chai na soksi za akiba, akaingia koridoni. Jumatano alionekana kama mtu. Alhamisi alionekana kama nukta. Mkuu alitundika kibao kingine mwanzoni mwa korido, herufi kubwa za dhahabu: KARIBU.

Ijumaa Madamu alitimiza hamsini. Dada alimletea suti. "Nimeachia pindo la mwisho," alisema. "Vaa tu, hata kwa kufundishia." Madamu akaivaa. Ilimkaa vizuri sana.

Saa nne mkataba mpya wa miezi mitatu ulitoka kwa Mkuu na kumfikia papo hapo, maana katikati yao hapakuwa na hata hatua moja. Akainamisha kichwa kuikwepa dari ambayo haikuwepo tena, akasaini.