Nyasi za Juni

Asubuhi moja ya Oktoba 1974 Leonia alikuwa juu ya kibanda chake, katika kijiji kipya kando ya barabara ya Igunga, akifunga mabua ya mahindi kwa kamba za magome. Mabua hayazuii mvua, na alijua. Nyasi za kuezekea hukatwa Juni. Zake, matita arobaini, mgambo waliziteketeza Agosti siku ya kuhamishwa, na sasa mbuga yote ilikuwa imeungua. Chini, Josepha wa miezi tisa alikohoa. Mvua moja tu ya mapema ilikuwa imemwachia kifua kile.

Ng'washi, jirani yake, alipita na mzigo wa kuni. "Mama Josepha, mumeo yuko kule mahameni anaezeka."

Masolwa alikuwa amekufa tangu Februari.

"Kwa nyasi gani?"

"Nzuri. Za Juni."

Leonia alimbeba mtoto, akatembea saa mbili hadi kiwanja chao cha zamani. Mumewe alikuwa juu ya fito, suruali kaikunja, akisawazisha ukingo wa paa kwa kibao kama kila mwaka.

"Mmehama bila kuniaga kaburini," alisema.

"Walitupakia kwenye lori chai ikiwa jikoni, Baba Josepha. Njoo utuezekee, nakuomba. Mtoto ataniponyoka huyu."

"Anayehama humwonyesha marehemu njia siku ile ile. Sasa hata ukinishika mkono nitajikuta hapa hapa. Chukua nyasi, mimi nitaezeka upya."

Leonia alijitwika tita. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Hilari, alimpokea mzigo barabarani kwa upole wote. "Ofisi inavuja, mama. Tuanze na ya wote."

Kesho yake alipeleka lori mahameni, watu wakafumua paa na kupakia nyasi. Masolwa aliezeka tena, wakafumua tena. Ofisi ikapata paa, ghala likapata, na banda la mbuzi wa mwenyekiti likaanza kupata. Leonia aliambiwa yumo kwenye orodha. Kwenda kulala mahameni kulikatazwa.

Novemba dhoruba ilibeba mabua yote kwa mkupuo mmoja. Leonia alimfunika mwanawe kwa mwili wake, akapiga kelele, akaita majirani, akamwita Mungu. Maji yalipenya. Siku ya tatu Josepha alikata roho. Mama yake alipewa kibali cha siku moja akamzike kando ya baba yake.

Wiki ile lori lilirudi tupu. Dereva alieleza kwamba Masolwa ameketi chini ya fito tupu, amempakata mtoto, na kazi haishiki.

Mwenyekiti alifikiri kidogo. Kisha akatuma mtu kwa Leonia, kumwuliza kama angeweza kwenda kumpokea mumewe mtoto kwa siku mbili tatu.

Leonia alikwenda mbio. Banda la mbuzi liliisha Alhamisi.