Pindo la Tatu

Wewe unayesoma haya ukiwa na mimba, nakuandikia mbiombio kabla mwanangu hajaamka. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia la saba, ila hili limenipata mwenyewe.

Gauni langu la mimba nililishona na mapindo manne kila ubavu. Kila wiki mbili nafumua pindo moja, tumbo linapata nafasi. Mawili nikafumua. La tatu likakaa tu, wiki mbili, tatu, hadi nne, na gauni linanienea vilevile. Nami nikafurahi. Wifi yangu akanisifu kwamba nimebeba mimba ya kistaarabu, haiharibu nguo. Kliniki nikairuka, nina sare za wateja za kushona. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilipokwenda, mkunga alipima tumbo kwa futi kama yangu, akapima tena, akasema tumbo ni dogo kuliko miezi ya mimba. Akanipeleka kwa daktari wa picha, pamoja na mume wangu. Kwenye kioo cha mashine daktari akanionyesha duara jeusi: kibofu cha mwanangu, kimevimba kama puto. Njia ya mkojo imeziba. Akatueleza kwamba yale maji anayoogelea mtoto tumboni, mengi ni mkojo wake mwenyewe. Asipokojoa yanapungua, mapafu yanakosa kukua, figo nazo zinaharibika.

Mume wangu, mtu anayekimbia hata sindano ya homa, akauliza, "Sasa daktari, atakojoaje akiwa humo ndani?"

"Tunapita tumboni kwa mama, tunamwachia mrija mwembamba kwenye kibofu, mkojo utokee humo uingie kwenye maji yake. Lakini kwanza nivute mkojo wake nipime. Kama figo zimekufa, mrija hautamsaidia."

Siku za kungoja majibu sikushona hata kifungo. Yakaja: figo zingali hai.

Nililazwa, tumbo limetiwa ganzi, macho yangu kwenye kioo. Sindano ikaingia, mtoto akajigeuza. Daktari akangoja atulie, akaisukuma tena. Mrija ukakaa. Lile puto jeusi likaanza kunywea huku naliona, na moyo unanidunda kama cherehani ya umeme.

"Anakojoa," mume wangu akanong'ona.

"Anakojoa, baba. Mpe hongera," daktari akamjibu.

"Hongera, mwanangu," akasema, na kamasi zikamtoka mbele za watu.

Wiki ya pili yake gauni likanibana. Pindo la tatu nililifumua kwa meno, mkasi kumbe nimeukalia. La nne nalo likafuata.

Sasa ana miezi mitano. Alipozaliwa walimzibua ile njia yenyewe. Figo moja ni dhaifu, kliniki bado tunakwenda, na roho yangu haijatulia. Lakini kila nepi iliyolowa baba yake ananiletea niione, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, asingekuwa na figo ya kuokoa. Kwa hiyo dada, nguo ikikuenea mwezi mzima usisubiri sifa za wifi. Nenda wakakupime, na siku ya kliniki usiiruke.

Naishia hapa, ameamka. Amelowa chapachapa.